Keith Richards na X-Pensive Winos: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa zaidi ya miaka 60 Keith Richards amejulikana kwanza kama mpiga gitaa wa The Rolling Stones. Pembeni mwa bendi hiyo, hata hivyo, ametoa albamu tatu za studio kwa jina lake mwenyewe, mwaka 1988, 1992 na 2015, na ameongoza kikundi kinachoitwa X-Pensive Winos. Majibu yafuatayo yanaeleza kazi hizo zilivyoanza, zilivyotengenezwa na zilivyoigusa bendi kuu. Msimamo wa mwandishi uwe wazi tangu mwanzo: kazi hizi hazikuwa burudani ya mtu aliyechoshwa na wenzake, na bila hizo ni vigumu kuamini kwamba The Rolling Stones wangerudi jukwaani mwaka 1989 kama walivyorudi.

Kwa nini Richards alichelewa hadi 1988 kutoa albamu yake mwenyewe?

Kwa sababu hakutaka. Mpiga besi Bill Wyman alikuwa ameshatoa albamu yake tangu 1974, mpiga gitaa Ron Wood alikuwa na zake hata kabla ya kujiunga rasmi na bendi, na mwimbaji wao mkuu Mick Jagger akafuata mwaka 1985. Richards alishikilia kwamba mtu mwenye bendi kama ile hana haja ya kutafuta nyingine, na kwamba wimbo mzuri ukipatikana, wenye haki ya kuupiga ni wenzake aliokuwa nao tangu ujana.

Kilichombadilisha ni mambo yaliyofuatana katikati ya miaka ya 1980. Bendi iliposaini mkataba na kampuni ya CBS mwaka 1983, Jagger alipata pia nafasi ya kurekodi peke yake, jambo ambalo Richards, katika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka mwaka 2010, analieleza kama lililofanyika bila wenzake kuambiwa. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid mjini Philadelphia, Jagger alitumbuiza na wanamuziki wengine pamoja na Tina Turner, na baadaye usiku uleule Richards na Wood wakapanda jukwaa lilelile kumsindikiza Bob Dylan kwa magitaa. Watu watatu wa bendi moja walikuwa uwanja mmoja, na bendi yenyewe haikupiga hata wimbo mmoja. Desemba ya mwaka huo akafariki Ian Stewart, mpiga piano aliyekuwa nao tangu 1962 na ambaye maneno yake yalisikilizwa na pande zote. Albamu ya Dirty Work ilipotoka mwaka 1986, Jagger alikataa kufanya ziara ya kuitangaza, akaelekea kwenye albamu yake ya pili. Richards, wakati huo akiwa na miaka 42, akajikuta ana nyimbo lakini hana wa kuzipiga nao.

Je, kabla ya hapo hakuwahi kufanya lolote nje ya bendi?

Aliwahi, lakini kidogo. Desemba 1978 alitoa santuri ndogo yenye wimbo wa Krismasi uliofahamika kwa sauti ya Chuck Berry, mwanamuziki wa roki wa miaka ya 1950, upande mmoja, na wimbo wa Jimmy Cliff upande wa pili. Mwaka 1979 alizunguka Amerika ya Kaskazini na The New Barbarians, kikundi cha muda kilichoundwa na Ron Wood, ambamo Stanley Clarke alipiga besi na Zigaboo Modeliste akapiga dramu. Onyesho lao la kwanza, Aprili 1979 huko Oshawa nchini Kanada, lilikuwa la kuwachangia wasioona, nalo lilitokana na hukumu ya mahakama baada ya Richards kukamatwa na heroini mjini Toronto mwaka 1977. Hata hivyo, The New Barbarians ilikuwa bendi ya Wood. Richards alikwenda kama rafiki na mpiga gitaa.

Steve Jordan ni nani, na kwa nini anatajwa kila mahali?

Ni mpiga dramu kutoka New York, mtunzi mwenza na mtayarishaji mwenza wa albamu zote tatu. Anayetaka kuzielewa kazi hizi aanze kwa Jordan, kwa kuwa Richards hajawahi kuwa mtu wa kukaa peke yake na kutoka na wimbo uliokamilika. Daima amehitaji mtu wa pili chumbani. Katika The Rolling Stones mtu huyo alikuwa Jagger, na walipokorofishana, nafasi hiyo haikuweza kubaki wazi.

Walikuwa wameshafahamiana wakati wa kurekodi Dirty Work, na mwaka 1986 wakafanya kazi mbili zilizowaleta karibu zaidi. Ya kwanza ilikuwa kurekodi na Aretha Franklin, Richards akiwa mtayarishaji. Ya pili ilikuwa maonyesho ya kuadhimisha miaka 60 ya Chuck Berry katika ukumbi wa Fox mjini St. Louis, ambako Richards alikuwa kiongozi wa muziki na Jordan alikuwa kwenye dramu. Kumwongoza Berry, mtu aliyezoea kupiga na bendi asizozijua na kubadilisha wimbo katikati bila kumwambia mtu, kulikuwa mtihani mgumu. Richards aliuvumilia kwa sababu bila Berry asingekuwa mpiga gitaa.

Charlie Watts, mpiga dramu wa The Rolling Stones, ndiye aliyemwambia Richards kwamba ikiwa siku moja atahitaji kufanya kazi na mtu mwingine, basi mtu huyo awe Jordan. Neno hilo lilikuja kuwa na uzito zaidi mwaka 2021: Watts alipougua, na kisha kufariki tarehe 24 Agosti, aliyekalia kiti chake katika ziara ya bendi ni Steve Jordan.

Wanamuziki wengine wa X-Pensive Winos ni akina nani?

Waddy Wachtel alikuwa kwenye gitaa la pili, Ivan Neville kutoka New Orleans kwenye kinanda, na Charley Drayton kwenye besi, ingawa Drayton na Jordan waliweza kubadilishana besi na dramu. Sarah Dash, aliyepata umaarufu na kundi la Labelle, aliimba, na Bobby Keys alipuliza saksafoni. Keys alizaliwa Texas tarehe 18 Desemba 1943, siku ileile aliyozaliwa Richards kule Dartford, Uingereza, na alikuwa amepiga na The Rolling Stones tangu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Jina la kikundi lilitoka wapi?

Richards husimulia kwamba wakati wa kurekodi aliwakuta wenzake wamejificha nyuma ya dramu wakipokezana chupa ya Château Lafite, mvinyo wa Kifaransa wa bei kubwa sana, kana kwamba ni pombe ya kijiweni. Akawaita walevi wa gharama, na jina likabaki.

Albamu ya Talk Is Cheap ilitengenezwaje, na ndani yake mna nini?

Ilitoka Oktoba 1988 kupitia kampuni ya Virgin, ikiwa na nyimbo 11. Sehemu kubwa ilirekodiwa Le Studio, katika milima ya Morin Heights huko Quebec, mbali na miji na mbali na waandishi wa habari. Nyimbo zilitungwa na Richards na Jordan, na nyingi zilianzia kwenye gitaa na dramu tu, watu wawili wakitazamana, kabla ya vyombo vingine kuongezwa.

Kinachoshangaza katika albamu hii ni upana wake. Wimbo wa kwanza, Big Enough, unafunguliwa na besi ya Bootsy Collins na saksafoni ya Maceo Parker, wanamuziki wawili waliolelewa kimuziki katika bendi ya James Brown, na msikilizaji aliyetarajia roki ya kawaida anakutana na fanki kavu isiyo na haraka. I Could Have Stood You Up ni roki ya miaka ya 1950 iliyopigwa na mashahidi wake wenyewe: kwenye piano yupo Johnnie Johnson, aliyekuwa na Chuck Berry tangu mwanzo, na kwenye gitaa yupo Mick Taylor, aliyeondoka The Rolling Stones mwishoni mwa 1974.

Kwa maoni yangu, kilele ni Make No Mistake. Richards anaimba kwa sauti ya chini, karibu na kunong'ona, huku Sarah Dash akimjibu kutoka upande wa pili, na matarumbeta yaliyopangwa na Willie Mitchell wa Memphis yakiingia mwishoni mwa mistari bila kuisukuma. Sikiliza mahali gitaa lilipo. Kwa dakika nzima linagusa noti mbili au tatu, linanyamaza, kisha linarudi pale ambapo mpiga gitaa mwingine angekuwa ameshajaza nafasi yote. Huyu ni mtu maarufu kwa gitaa, katika albamu yake ya kwanza, anayekataa kuliweka gitaa mbele. Wapiga gitaa wengi wakipata nafasi ya kutoa albamu zao hutumia nafasi hiyo kuonyesha kasi ya vidole ambayo bendi haikuwaruhusu kuionyesha. Richards aliitumia kuonyesha namna anavyosikiliza.

Je, ni kweli kwamba wimbo wa You Don't Move Me unamsema Mick Jagger?

Ndiyo, na Richards hakuwahi kulificha hilo. Ni wimbo wa rafiki aliyeumizwa, hasira ikiwa juu na majonzi chini yake, na maneno yake hayahitaji kufasiriwa. Lakini si haki kuichukulia albamu nzima kama barua ya ugomvi, kama baadhi ya magazeti yalivyofanya wakati ule, kwani nyimbo kumi zilizobaki hazina habari naye.

Richards si mwimbaji. Aliwezaje kubeba albamu nzima?

Kauli hiyo ina kasoro. Alipokuwa mwanafunzi Dartford aliimba sauti ya juu katika kwaya ya shule iliyofika hadi Westminster Abbey, akatolewa sauti yake ilipovunjika, na anasimulia tukio hilo kwa uchungu hata uzeeni. Ndani ya The Rolling Stones aliimba wimbo mzima peke yake kwa mara ya kwanza mwaka 1969, na mwaka 1972 wimbo wa Happy ukawa utambulisho wake jukwaani. Pamoja na hayo, kuimba wimbo mmoja au miwili Jagger akiwa amekwenda kupumzika nyuma ya jukwaa ni jambo moja, na kusimama mbele ya watu usiku kucha ni jambo jingine.

Sauti yake katika Talk Is Cheap ni ya kukwaruza, ina pumzi fupi, na hukosa noti za juu. Anachokifanya ni kutunga ndani ya mipaka hiyo: mistari mifupi, viitikio vinavyobebwa na wenzake, na tungo polepole ambamo ukwaruzo wenyewe unakuwa hisia. Matunda ya zoezi hilo yaliifikia bendi kuu. Slipping Away, uliofunga albamu ya The Rolling Stones ya mwaka 1989, ni miongoni mwa nyimbo bora alizowahi kuimba, na katika albamu yao ya 1997 aliimba nyimbo tatu, idadi ambayo hakuwahi kupewa kabla ya hapo.

Upigaji wake wa gitaa ni tofauti na ule wa The Rolling Stones?

Msingi ni uleule. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Richards amekuwa akizikaza nyuzi za gitaa lake katika mfumo wa sol ulio wazi, yaani nyuzi zikipigwa bila kubonyezwa popote zinatoa kodi kamili (noti kadhaa zinazopatana, zikilia kwa pamoja). Uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, huuondoa kabisa, akabaki na nyuzi tano zenye noti za sol, re, sol, si na re. Kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi zote kinatoa kodi nyingine, na vidole viwili vinavyobaki vinaongeza na kuondoa noti huku nyuzi nyingine zikiendelea kuvuma. Ndiyo maana gitaa lake moja husikika kama mawili. Gitaa analolitumia zaidi kwa mfumo huo ni Fender Telecaster ya miaka ya 1950, aliyoipa jina la Micawber.

Tofauti iko kwa wanaomzunguka. Katika The Rolling Stones, Watts alimfuata Richards, kwa hiyo dramu ilichelewa kidogo nyuma ya gitaa, na mvutano huo mdogo ndio ulioipa bendi mwendo wake. Jordan hupiga akiwa katikati kabisa ya mdundo, kwa nguvu na kwa uwazi, na Wachtel ni mpiga gitaa nadhifu. Hivyo Take It So Hard ina kipande cha gitaa ambacho kingeweza kuwa cha The Rolling Stones, lakini sakafu yake ni ngumu zaidi. Mwenye sikio na asikilize wimbo huo mara moja akifuata gitaa peke yake, na mara ya pili akifuata dramu peke yake.

Nyimbo ziligawanywaje kati ya albamu binafsi na bendi?

Wakati Talk Is Cheap inaandaliwa hapakuwa na mgawanyo wowote, kwa kuwa bendi ilikuwa imelala. Ugumu ulikuja baadaye, na mfano mzuri ni Almost Hear You Sigh. Richards na Jordan waliutunga wakati wa kazi ya albamu hiyo, haukuingia, na bendi ilipokutana tena Richards aliupeleka kwa Jagger, aliyeufanyia kazi na kuuimba. Ulitoka katika albamu ya bendi ya Steel Wheels mwaka 1989 kwa majina ya watunzi watatu: Jagger, Richards na Jordan. Kwa watu waliokuwa wametia sahihi kama wawili tangu miaka ya 1960, jina la tatu si jambo dogo.

Je, kazi hizi ziliihatarisha The Rolling Stones au ziliiokoa?

Mwaka 1987 jibu la wengi lingekuwa la kwanza. Kuna bendi zilizovunjika kwa sababu ndogo zaidi, na kwa kawaida mpiga gitaa anapotoa albamu yake huwa ni hatua moja kabla ya kuaga: Steve Hackett alitoa yake mwaka 1975 akiwa bado katika bendi ya Genesis, na mwaka 1977 akaondoka akitafuta nafasi zaidi ya nyimbo zake.

Kwa Richards ilikuwa kinyume, na sababu naiona katika majuma machache ya Novemba na Desemba 1988, alipozunguka Marekani na Winos. Kwa mara ya kwanza alilazimika kuwa mtu wa mbele usiku mzima: kuimba, kuzungumza na watu, kuamua wimbo unaofuata, na kutokuwa na mahali pa kujificha upande wa dramu. Amekiri baadaye kwamba hapo ndipo alipoanza kuielewa na kuiheshimu kazi aliyokuwa akiifanya Jagger kwa robo karne. Kwa upande wake, Jagger alikuwa amegundua kwamba wanamuziki hodari wa kukodi wanaweza kupiga kila noti na bado isiwe bendi ile. Kila mmoja alikuwa amefundishwa thamani ya mwenzake na kazi aliyoifanya bila yeye.

Januari 1989 walikutana Barbados kujaribu kutunga. Richards alimuaga mkewe akimwambia kwamba atarudi baada ya wiki mbili ama baada ya siku mbili. Hakurudi siku ya pili. Walirekodi Steel Wheels katika kisiwa cha Montserrat, ikatoka Agosti mwaka uleule, na tarehe 31 Agosti bendi ikaanza ziara yake Philadelphia, mji uleule ambako miaka minne kabla walitumbuiza kila mtu kivyake.

Main Offender ya 1992 ni albamu dhaifu?

Haikupokewa kwa shauku kama ya kwanza, na ni kweli haina wageni wengi wala upana wa mitindo. Lakini ni albamu ya bendi iliyokwisha kuzoeana, na Wicked as It Seems ni miongoni mwa vipande vyake vikali zaidi vya gitaa nje ya The Rolling Stones. Tamasha la London la Desemba 1992 lilitolewa mwaka 2022 pamoja na toleo jipya la albamu hiyo, na hapo inaonekana wazi kwamba nyimbo hizi zilikuwa zinasubiri jukwaa.

Wingless Angels ina uhusiano gani na kazi hizi?

Ni mradi wa aina nyingine kabisa. Richards amekuwa na nyumba karibu na Ocho Rios, Jamaika, tangu miaka ya 1970, na kwa muda mrefu alikaa na Marasta wa jirani waliopiga nyabinghi, yaani ngoma za ibada yao, na kuimba tenzi. Rekodi yao ilitoka mwaka 1997, na ya pili mwaka 2010. Mwimbaji Justin Hinds alikuwa mmoja wao. Gitaa la Richards limo, ila limekaa nyuma, kama inavyompasa mgeni aliyekaribishwa.

Kwa nini ilichukua miaka 23 hadi albamu ya tatu?

Kwa sababu bendi kuu ilikuwa inafanya kazi, na Richards hutoa albamu zake pale tu inapopumzika. Crosseyed Heart, iliyotoka tarehe 18 Septemba 2015 ikiwa na nyimbo 15, ilianza katika kimya cha namna hiyo. Jordan alimshawishi waingie studio wawili tu, gitaa na dramu, kisha Richards akajipigia mwenyewe besi na piano katika nyimbo nyingi. Norah Jones aliimba naye wimbo mmoja, Gregory Isaacs na Lead Belly wakakumbukwa kwa nyimbo zao, na saksafoni ya Bobby Keys ikasikika, ingawa mwenyewe alikuwa amefariki Desemba 2014.

Je, Winos bado wapo?

Hawana ziara wala albamu ya pamoja tangu miaka ya 1990, lakini hawajawahi kutangaza kuachana. Machi 2022 Richards alipanda nao jukwaa la Beacon Theatre mjini New York katika onyesho la hisani, akiwamo Jordan, Wachtel na Neville.

Msikilizaji mpya aanze na ipi?

Aanze na Talk Is Cheap, na ikiwezekana toleo la mwaka 2019, ambalo lina nyimbo sita za ziada zilizorekodiwa wakati ule bila kutolewa. Kisha asikilize rekodi ya ukumbi wa Hollywood Palladium ya tarehe 15 Desemba 1988, iliyotoka mwaka 1991, ambamo Sarah Dash anaimba Time Is on My Side, wimbo uliowavumisha The Rolling Stones mwaka 1964, na kuutoa kabisa mikononi mwa Jagger. Crosseyed Heart inafaa zaidi kwa anayependa bluzi na sauti iliyozeeka. Main Offender aiweke mwisho, lakini asiiruke.